Kachanganyikiwa juani, mkampa panadoli?

SWALI: Daktari, mume wangu hupakua mizigo ya malori hapa Elegu, mpakani mwa Uganda na Sudan Kusini. Wiki jana saa nane mchana alianza kusema maneno yasiyoeleweka, akaanguka, mwili moto kupita kiasi. Wenzake walimkimbiza duka la dawa, akachomwa sindano ya malaria na kupewa panadoli. Jioni hospitali walipima, malaria hakuna. Ameruhusiwa, ila figo bado zinafuatiliwa. Je, amalizie vidonge vya malaria alivyopewa dukani? Arudi kazini lini?

JIBU: Pole, mama. Dalili hizo ni za kupigwa na jua. Kama kipimo hakikuona malaria, vidonge hivyo havina kazi. Vipeleke kwa wanaomfuatilia. Asiguse dawa za maumivu kama diklofenaki wala ibuprofeni, zinaumiza figo. Vipimo vikikaa sawa, aanze na saa za asubuhi tu, aongeze kidogo kidogo kwa wiki mbili.

Kinachonikera ni ile panadoli. Kwenye malaria, ubongo wenyewe ndio unaoamuru mwili upande joto, na panadoli hulegeza amri hiyo. Aliyepigwa na jua hana amri ya kulegezwa: ubongo wake unataka mwili upoe, ila mwili umeshindwa. Dawa haishushi kitu, na ini ambalo tayari linaungua linaongezewa mzigo. Joto likipita nyuzi 40 na mtu akachanganyikiwa, nusu saa ya kwanza ndiyo inayoamua. Ninyi mliitumia kupanga foleni dukani!

Hapo alihitaji kivuli, kuvuliwa nguo, na jerikani za maji mwili mzima huku mtu anampepea, bila kuacha, mpaka gari lipatikane. Mdomoni msimtie kitu kama hajitambui. Sisemi malaria imeisha Uganda. Mwageni maji kwanza, kipimo kitafuata.

Wapo pia wanaomfunika blanketi na kumfukiza mwarobaini "atoe jasho". Jasho hupoza linapokauka. Chini ya blanketi litakaukia wapi? Huko ni kumpika mtu.

Na msiniambie sisi tumezaliwa juani. Mwili huzoea kufanya kazi kwenye joto kwa siku 7 hadi 14, na ukipumzika wiki chache mazoea hayo hupotea. Hata aliyezoea ana kikomo, hasa hewa ikiwa na unyevu.

Tena si wabeba mizigo peke yao. Ufaransa, Agosti 2003, joto liliua watu karibu 15,000, wengi wao wazee, wengi wakiwa ndani ya nyumba. Kwetu mzee akifia kwenye chumba cha mabati saa tisa alasiri, tunasema presha, au moyo, tunazika. Kwa hiyo wenye bibi anayemeza vidonge vya presha vya kukojoza: msimwachishe wenyewe, muulizeni daktari wake kuhusu miezi ya jua kali, na mchana mtoeni chini ya mabati akae chini ya mwembe. Wa dukani akiwauzia dripu "ya nguvu" kabla hajapima chochote, ondokeni.