Kilwa hadi Newala na begi mgongoni mwezi wa Februari: kifuniko cha mvua hakitoshi

Mkuu, umeuliza kama begi la lita 60 na kifuniko chake cha mvua vinatosha kwa wiki mbili za Februari: Kilwa Masoko, Lindi, Mikindani, kisha kupanda hadi Newala na kumalizia Masasi. Kifuniko hakitoshi, na lita 60 ni kubwa mno. Nimezunguka vijiji vya Tandahimba, Newala na Nanyumbu mkoani Mtwara misimu mitatu nikikusanya takwimu za kilimo, kwa miguu na bodaboda, begi mgongoni.

Huku hatuna vuli na masika kama Dar. Mvua ni msimu mmoja, inaanza Novemba au Desemba mpaka Aprili, pengine inaingia Mei. Februari utakuwa katikati yake, nguo haipati siku ya kukauka.

Kifuniko kinakinga upande wa nje tu. Maji yanateremka shingoni, yanapita kati ya mgongo na begi, yanaingilia mishono. Na kwenye basi begi linatupwa kwenye buti. Msimu wangu wa kwanza lilikaa juu ya maji yaliyotuama kutoka Lindi hadi Masasi, nikafika Newala kila kitu kimelowa kuanzia chini. Watu wanadhani kusini ni joto tu. Uwanda wa Makonde, ule wa juu ilipo Newala, ukishukiwa na ukungu usiku wa mvua, baridi inaingia mifupani. Nilitetemeka mpaka adhana ya alfajiri.

Tangu hapo kinga yangu iko ndani ya begi. Nenda duka la jumla uombe ile nailoni ya ndani ya kiroba cha sukari cha kilo 50. Ioshe, ianike, ivishe begi kwa ndani, pakia, kisha sokota mdomo, ukunje na ufunge kwa mpira wa tyubu. Usichukue ya salfa hata ukipewa bure. Ule unga wa kupulizia mikorosho hautoki wote, ukikutana na jasho unawasha, na macho yatakuuma.

Ndani ya nailoni hiyo weka kifurushi kingine: fulana, bukta, soksi na kikoi. Hizo ni za kulalia, mchana hazivaliwi hata iweje. Asubuhi unavaa tena zile mbichi za jana. Najua inaudhi, lakini ukitembea dakika kumi mwili umeshazipasha moto. Siku utakayoshindwa ukavaa kavu, jioni huna kavu tena. Naomba sana ulishike hili kuliko yote niliyoandika.

Jinzi acha nyumbani, ikilowa ni mzigo wa siku mbili. Kanga au kitenge chepesi ni taulo, shuka na pazia la kubadilishia nguo. Viatu vya ngozi vitakuozesha vidole, na kandambili zitabaki kwenye tope. Chukua sandozi zenye mkanda wa kisigino, na kila usiku ukaushe miguu na kupaka mafuta ya mgando kabla ya soksi. Chandarua na tochi hayahitaji maelezo.

Weka pia siku mbili tatu za akiba, na pesa taslimu kwenye kifuko kisichopitisha maji, maana mtandao ukikatika huwezi kutoa pesa kwa wakala. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Dar na Lindi maeneo ya Somanga, magari yakakwama pande zote. Hapo korosho za kukaanga na chupa ya maji ndiyo chakula chako. Korongo likijaa, subiri lipungue, hata kama dereva wa boda anasema analijua.

Mwavuli uliouliza mwishoni, beba. Ukitembea na koti la mvua kwa joto la Mikindani utalowa jasho vilevile. Koti ni la kwenye boda, mwavuli ni wa miguu. Radi zikianza, ufunge, toka chini ya mikorosho, piga hodi nyumba ya karibu.