Vanishi ya floraidi haizibi tundu

Mwanangu ana miaka 5, jego lina tundu. Akipakwa vanishi ya floraidi litaziba? (Mama, Mbagala)

Halizibi. Swali hili linarudi kila wiki, na kila anayeuliza amengoja mpaka mtoto analia usiku. Vanishi, dawa ya kupaka juu ya jino yenye madini ya floraidi, husaidia jino ambalo bado ni zima, au lenye doa jeupe kama chaki karibu na ufizi. Hapo floraidi husaidia madini ya mate kurudi kwenye gamba la nje, likakaza. Gamba likishatoboka halioti tena. Mpeleke kwa daktari wa meno. Na msiniambie ni meno ya utoto, yatang'oka tu. Magego hayo hukaa hadi miaka 10 au 12.

Akishapakwa, ale nini?

Chakula laini, kisicho cha moto. Mswaki kesho yake.

Tunaishi Maji ya Chai, Arusha. Watoto wana meno ya kahawia. Vanishi itayafanya meupe? Maji tunachemsha.

Ukahawia huo unaletwa na floraidi iliyozidi kwenye maji ya kunywa, na kuchemsha hakuiondoi. Maji hupungua kwa mvuke, floraidi inabaki sufuriani, kwa hiyo yakichemka sana inazidi. Chemsheni kwa ajili ya vijidudu, si kwa ajili ya meno.

Madoa hayo yaliingia jino likiwa bado ndani ya ufizi, kwa maji yanayopita kwenye miamba ya volkano ya Meru. Vanishi haiyafuti. Mkaa na jivu ndiyo kabisa, vinakwangua gamba lililokwisha kudhoofika. Shirika la Afya Duniani linataka floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Wadogo, hasa walio chini ya miaka 8, wapeni maji ya mvua, au yaliyochujwa kwa chengachenga za mifupa ya ng'ombe iliyochomwa. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, hukohuko Arusha, kimeishughulikia njia hiyo kwa miaka mingi. Na magadi kwenye maharage acheni, nayo yana floraidi.

Sasa kama floraidi inaharibu meno, kwa nini tupakwe?

Swali zuri. Kuinywa kila siku utotoni ni jambo moja, kupakwa juu ya jino ni jingine. Vanishi ina sodiamu floraidi asilimia 5, kali kweli, lakini hupakwa kidogo sana, hugandia jino ikikutana na mate, na hurudiwa baada ya miezi 3 hadi 6. Mwambie daktari kama mtoto ana vidonda mdomoni au pumu iliyowahi kumlaza hospitalini. Mimi naogopa zaidi dawa ya mswaki ya nyumbani, ile tamu ambayo mtoto anailamba. Chini ya miaka 3, kiasi cha punje ya mchele kinatosha, na mkono unaoipaka uwe wa mzazi.