Kabla hujagusa rangi ya ngozi ya modo, rekebisha mwanga kwanza

Mwaka wangu wa pili kwenye hii kazi nilimpiga picha binti mmoja aliyekuwa anaanza umodo, mweusi ule weusi wa kung'aa, shingo ndefu, yaani ukimuona tu unajua kamera itampenda. Tulipigia barazani kwenye nyumba moja Kinondoni, ukuta umepakwa kijani, saa saba mchana. Siku mbili baadae nikawatumia picha. Binti hakujibu kitu, jioni akanipigia mama yake. Nikampa shikamoo, akaitikia, halafu akaniuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, huyu uliyetutumia ni nani?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimempandisha mwanga kwenye kompyuta mpaka weusi wake ukawa maji ya kunde iliyochujuka, na chini ya kidevu kulikuwa na ukijani nilioshindwa kuutoa nikaufunika kwa kumng'arisha zaidi. Ile simu ndo imenifundisha hii kazi kuliko video zote nilizoangalia, kwahiyo haya naandika kwa mtu anayeanza kupiga mamodo na anahangaika na rangi za ngozi kila akirudi nyumbani.

Kitu cha kwanza, kamera yako haijui iko mbele ya nani. Mita yake ya mwanga inachukulia kwamba ulichokielekezea ni kijivu cha wastani, kile wanachokiita kijivu cha asilimia 18. Ukijaza fremu na uso mweusi inaona giza, inaongeza mwanga, ngozi inapauka. Ukimsimamisha huyo huyo mbele ya ukuta mweupe au akavaa gauni jeupe la harusi, inaona mwanga umezidi, inapunguza, uso unakuwa kivuli na macho hayaonekani. Mtu anasema ngozi nyeusi ngumu kupiga. Hapana jamani, mita imedanganyika tu. Weka kiwango cha mwanga mwenyewe kwa mkono, piga picha moja ya majaribio, zuumu shavuni na paji la uso uone kama bado kuna ngozi pale au pameungua pakawa peupe tu, ndo uendelee.

Na hii habari ya vifaa kutotujua sisi haijaanza jana. Zamani za filamu maabara zilikuwa zinapima rangi kwa kutumia kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mzungu, waliziita kadi za Shirley, yaani ngozi yake ndo ikawa kipimo cha ngozi za watu wote. Kodak walianza kuhangaika na rangi za kahawia waliposumbuliwa na watengeneza chokoleti na watengeneza fanicha za mbao, kwamba bidhaa zao hazitoki sawa kwenye picha. Chokoleti na meza! Kila nikikumbuka inaniuma. Kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zimekuja kuenea miaka ya 1990. Simu za siku hizi wamejitahidi, Google mwaka 2021 walitoa Pixel 6 yenye kitu wanaita Real Tone kwa ajili ya ngozi kama zetu, ila bado ukifungua simu nyingi unakuta ile filta ya urembo imeshawashwa tayari na kazi yake kubwa ni kumfanya mtu mweupe. Izime. Kama modo anakutumia picha za simu za kujitambulisha mwambie azime kabla hajapiga.

Sasa mwanga. Dar jua letu la mchana ni la utosini, mwanzoni mwa Machi na kwenye Oktoba linapita kabisa juu ya kichwa, macho yanakuwa mashimo, pua inadondosha kivuli mdomoni, paji la uso linawaka. Hakuna slaida, yaani kile kitufe cha kuvuta kwenye programu ya kuediti, ya kutoa hicho kitu vizuri. Kama mteja amekubana lazima iwe mchana, mpeleke chini ya paa, mlangoni au ukingoni mwa baraza, pale kivuli kinapoishia, aangalie nje. Mwanga unaotoka uwanjani unamfikia usoni kwa mbele badala ya utosini na ghafla macho yanapata uhai. La sivyo subiri saa kumi na nusu jioni. Ila usichelewe kufika kwasababu huku kwetu jua halina mapozi, kwenye saa kumi na mbili na kitu linazama na giza linaingia fasta, ukianza kuhangaika na stendi umeshaukosa.

Nikuambie kitu kuhusu ngozi nyeusi ambacho nilichelewa kukielewa. Usiongeze tu wingi wa mwanga, angalia unaakisi nini. Ngozi ya rangi nzito inang'aa, kama meza ya mpingo iliyopigwa msasa ukaipaka mafuta, unachokiona kwenye shavu ni picha ya chanzo cha mwanga chenyewe. Chanzo kikiwa kidogo, mfano flashi ya juu ya kamera, unapata kidoti cheupe kikali kwenye paji la uso na pengine pote giza. Chanzo kikiwa kikubwa, dirisha, softiboksi (lile boksi la kitambaa cheupe linalofunika taa), hata shuka jeupe limening'inizwa, unapata mstari mpana laini unaoshuka kutoka kwenye mfupa wa shavu mpaka kwenye taya, na huo mstari ndo unaouchora uso.

Jaribu hivi, mimi nafanya kila kazi. Mkalishe modo pembeni ya dirisha lenye pazia jepesi jeupe, wewe simama mahali pako usihame, mwambie aanze kuangalia ukutani halafu ageuze kichwa polepole kuelekea dirishani, polepole kama mkono wa saa. Mwanzo shavu la upande wako linakuwa tambarare, rangi moja. Akiendelea inaanza kutokea alama ya mwanga kwenye pua, kisha juu ya mdomo, kisha ule mstari wa shavu unafunguka, na jicho la upande wa mbali linapata kidirisha kidogo ndani yake. Hapo hapo mwambie asimame. Hujaongeza mwanga hata chembe, umehamisha pembe tu, na weusi wake umebaki weusi. Upande wa kivuli ukiwa mzito sana weka kipande cha boksi jeupe au karatasi ya manila karibu na bega lake. Karibu kwelikweli, maana mwanga ukiusogeza kutoka mita 1 mpaka mita 2 haubaki nusu, unabaki robo.

Hilo boksi liwe jeupe kweli, na hapa ndo narudi kwenye ule ukuta wa kijani. Kila kitu kilichopigwa na jua kinakuwa taa ya rangi yake. Majani, mabati yaliyopakwa rangi, kitenge chekundu kilichoanikwa kwenye kamba, tisheti ya njano uliyovaa wewe mpiga picha ukiwa umemsogelea. Ule ukijani chini ya kidevu cha yule binti ulitoka ukutani, na ubaya wake ni kwamba uko upande mmoja tu, kwahiyo ukiutoa kwenye picha nzima upande wa pili unageuka zambarau. Siku hizi mimi naenda kwenye kazi na tisheti nyeusi au kijivu na modo namweka mbali na ukuta wa rangi.

Ndugu yake huyo ni mchanganyiko wa taa. Rangi ya mwanga inapimwa kwa Kelvini, namba ndogo ni ya njano na kubwa ni ya bluu. Mwanga wa mchana ni kama Kelvini 5500, balbu ile ya njano ya zamani iko karibu na 2800, kivulini chini ya anga la bluu unapita 7000. Ukimpiga sebuleni dirisha liko wazi na balbu imewaka, shavu moja la bluu na jingine la chungwa, kamera haiwezi kuchagua zote mbili. Zima balbu. Au funga pazia uwashe taa zako, ila chagua moja. Na ukinunua taa za LED angalia CRI, yaani kipimo cha jinsi taa inavyoonyesha rangi sawasawa, iwe 95 kwenda juu, zile za bei rahisi nyingi zina upungufu wa wekundu, na ngozi yetu bila wekundu inakuwa kama ina majivu, utamuuliza modo kama amepaka mafuta kumbe taa ndo mbovu.

Kwenye kuediti sasa, nitakuwa mfupi maana ukifanya hayo ya juu kazi iliyobaki ni ndogo. Piga RAW, faili lenye data yote ya kamera bila kubanwa kama picha ya kawaida, sio JPEG. JPEG ina ngazi 256 tu kwa kila rangi, RAW ya biti 14 ina 16,384, na vivuli vya ngozi nyeusi vinaishi kule chini kwenye ngazi za giza ambako JPEG inavunjika haraka ukivuta. Kila mwanga ukibadilika mpe modo ashike kadi ya kijivu usoni, piga moja, nyumbani ukibofya ile kadi kwa kile kidude cha waiti balansi, cha kuiambia programu nyeupe na kijivu ni ipi, picha zote za seti hiyo zinakaa sawa. Baada ya hapo angalia weupe wa macho na meno. Yakiwa na ubluu au ukijani basi bado hujamaliza, hata kama ngozi unaiona inapendeza.

Ngozi nyeusi nayo haina rangi moja. Kuna wa wekundu kwa ndani, kuna wa njano, kuna yule mweusi anayekaribia bluu, na huyu wa mwisho ndo anayeharibiwa sana na preseti za kununua, yaani mipangilio ya kuediti iliyotengenezwa tayari, zile zinazosukuma kila kitu kwenye chungwa. Ukitaka kurekebisha ngozi nenda kwenye slaida ya rangi ya chungwa na nyekundu, gusa kidogo, tano au kumi, na ukijani wa upande mmoja utoe kwa maski, yaani kuchagua na kurekebisha sehemu ile ile tu. Halafu linganisha uso na shingo, mikono na magoti. Uso ukiwa rangi nyingine mara nyingi ni faundesheni haikumfaa, hilo ongea na mtu wa mekapu kabla ya kupiga, na mwambie apunguze poda, ule mng'ao tunautaka.

Jambo moja limenigharimu sana nalo ni skrini. Nilikuwa naediti usiku, laptopu imejiwekea ile hali ya usiku inayofanya skrini iwe ya njano ili macho yasiumie, mimi sijui, narekebisha njano ambayo haipo. Kesho yake seti nzima ya bluu, na fundi aliyeshona zile nguo akaniambia kitambaa chake sio hicho. Ilikuwa nguo ya rangi ya ugoro. Nikairudia kazi yote bure. Zima hiyo hali, weka mwanga wa skrini wa kati, usikae chini ya balbu ya njano, na kila baada ya nusu saa toka nje uangalie miti kidogo macho yajisahihishe.

Kuhusu kumng'arisha modo kwasababu mteja anataka, mimi nimeacha, na namwambia mteja kabla hajalipa. Wakala akimuita kwa ajili ya picha zako halafu akaingia mtu mwingine mlangoni, anayeaibika ni yule binti. Kama uso una giza, mwanga wako ulikuwa hautoshi, rudi ukampige tena.

Mimi yule binti nilimrudia wiki iliyofuata, bila kumdai hela, saa kumi na nusu, mlangoni kwao, mama yake amenishikia boksi jeupe. Picha za kwanza nilimuonyesha yeye mama pale pale nyuma ya kamera. Akaiangalia moja muda mrefu, akasema, "Eeh, huyu ndo wangu," akarudi kushika boksi.