Fundi anajibu: kelele kwenye laini ya umeme ya bodi

*Shikamoo fundi. Pawa saplai yangu ya volti 5 inaonyesha miiba (mirusho mifupi ya volti) ya karibu milivolti 300 kwenye osiloskopu, kile kifaa kinachochora volti kwenye kioo. Nimebadilisha kapasita zote, bado ipo.*

Marahaba. Kabla hujang'oa nyingine, acha klipu ya graundi palepale ilipo, kisha gusisha ncha ya probu kwenye graundi hiyohiyo. Hapo hakuna volti ya kupima, mstari unatakiwa kulala. Miiba ikiendelea kurukaruka, si ya saplai. Ule waya mweusi wa klipu ukiungana na probu ni kitanzi, na kitanzi hudaka kila kinachorushwa na koili na swichi za jirani. Vua kofia ya plastiki ya probu, toa waya huo, valisha springi fupi ya graundi shingoni (huja kwenye mfuko wa probu, wengi huitupa na mfuko wake). Huna? Zungushia waya mtupu wa shaba, uache ncha ya milimita chache. Pima kwenye miguu ya kapasita yenyewe ya upande wa kutoa umeme. Kwenye skopu washa kikomo cha MHz 20 (huzuia mawimbi ya kasi zaidi ya hapo), weka ingizo kwenye AC ili volti tulivu isionekane, shusha skeli hadi milivolti 10 au 20 kwa kisanduku cha kioo. Mara nyingi sehemu kubwa ya zile 300 hutoweka. Kitakachobaki ndicho tukijadili.

*Mita ya kawaida haitoshi?*

Kwa mawimbi ya Hz 100 ya transfoma na daraja la dayodi, itakupa fununu. Kwa saplai inayowaka na kuzima mara laki moja kwa sekunde, hapana.

*Probu niweke x1 au x10?*

Ukitafuta mawimbi madogo, x1. Kwenye x10 ishara hugawanywa kwa kumi, halafu skopu huikuza pamoja na kelele zake yenyewe. Ila x1 nyingi huishia MHz 6 hadi 10, hivyo miiba ya kasi haipiti vizuri. Mimi hupenda kulehemu kipande cha kebo ya koaksia juu ya kapasita na kumalizia kwa ohm 50 kwenye skopu. Tanguliza kapasita ya kuzuia DC, la sivyo volti 12 zinaweza kuunguza ingizo hilo.

*Kelele kiasi gani ni nyingi?*

Inategemea bodi. Kwa saplai za kompyuta za ATX, mwongozo unaruhusu milivolti 120 kilele hadi kilele (toka chini kabisa ya wimbi hadi juu kabisa) kwenye volti 12, na 50 kwenye volti 5 na 3.3. Hupimwa kwa kikomo cha MHz 20, na kapasita za mikrofaradi 10 na 0.1 zikiwa kwenye mzigo. Anayekutajia namba bila kusema kapimaje, muulize kwanza.

*Naweza kupima kapasita kubwa ya upande wa kuingia?*

Usibane klipu hapo kabisa! Graundi ya skopu imeungwa na erthi ya plagi, na upande ule umeshikana na umeme wa ukutani. Utapiga shoti, fyuzi na dayodi ziende. Wapo wanaokata pini ya erthi ya skopu. Hapo skopu yenyewe ndiyo inabeba umeme na wewe umeishika. Tafuta probu ya difereshali, inayopima kati ya ncha mbili bila kuunga graundi ya skopu. Hata ukishachomoa, kapasita hiyo inaweza kubaki na volti 300 na ushee, kwa hiyo iguse kwa mita kabla ya kuigusa kwa kidole.