Mwanao akirudi na maswali, usimshikie kalamu

Dada, umeuliza utamsaidiaje mwanao wa kidato cha pili na maswali ya Kiingereza, fasihi na historia, ilhali wewe uliishia darasa la nane. Nakujibu kwa niliyoyapitia hapa Malindi. Huu mwaka wa sita nakaa na wapwa zangu wawili kila siku baada ya magharibi.

Mwanzo nilikosea. Yule mkubwa alipewa insha, nikamwandikia. Mwalimu akamwita mbele aisome, akakwama kwenye neno nililolichagua mimi, maana yake haijui. Alirudi nyumbani hasemi na mtu. Tangu siku hiyo sigusi kalamu zao.

Siku hizi, kabla hajaandika lolote, anisomee swali, kisha anieleze kwa Kiswahili linataka nini. Hapo ndipo wengi wanapopotezea alama: swali likisema taja, anaeleza, likisema jadili, anataja na kufunga daftari. Kumsikiliza kwa hilo hakuhitaji cheti.

Mwaka jana yule mdogo aliulizwa kwa nini Malindi iliwapokea Wareno vizuri mwaka 1498. Akaandika sentensi moja: Vasco da Gama aligundua Malindi. Sikumkosoa. Jumamosi asubuhi tukatembea hadi kwenye nguzo ya huyo nahodha Mreno, ile nyeupe yenye msalaba juu, pale mwambani.

"Alipofika huyu, alimkuta nani?"

"Sultani."

"Basi aligundua nini?"

Kimya. Nikamuuliza mtu huyu alitokea wapi. Akafungua kitabu palepale, upepo unampeperushia kurasa, akasoma kuwa alitokea Mombasa na huko mambo hayakumwendea vyema. Nikauliza: Mombasa na Malindi zilikuwa zikipatana? Akainua uso. "Mjomba, kumbe kila mmoja alikuwa na shida yake!" Naam. Miji hiyo ilikuwa mahasimu, Sultani wa Malindi akitaka mshirika mwenye nguvu, Mreno naye akitaka rubani wa kumvusha hadi Calicut, kule India. Jibu lake lilijaa ukurasa mzima, na kila neno lilikuwa lake. Njiani akataka kujua kama wako wageni waliotangulia. Nilipomweleza kuhusu twiga wa Malindi aliyefikishwa China mwaka 1415, alisimama barabarani. Swali la kweli huzaa jingine, nami hiyo ndiyo dalili ninayoitazamia.

Kiingereza nitakupa jambo moja tu, kwa sababu ndilo linalowasumbua watoto wetu. Kwetu "yeye" ni mume na ni mke. Kwao kuna he wa kiume na she wa kike. Mwambie apigie mstari kila he na kila she kwenye insha yake, akuonyeshe kwa kidole ni nani anayesemwa. Utashangaa ni mara ngapi mama mzazi amegeuzwa mwanamume.

Kwenye fasihi una hazina kuliko unavyodhani. Utenzi huwa na mishororo minne kila ubeti, kila mshororo mizani nane. Gongeni meza pamoja: ke-ti na-mi ni-kwa-mbi-e. Nane. Binti au kijana aliyezoea kusikia kaswida atashika upesi. Mkifika kwenye dhamira, muulize nani anamsemesha nani, na anamhofia nini. Acha ajibu kwa maneno yake hata yakiwa mafupi, ndipo aandike.

Ukiliweka hapa swali lake la leo, nitakuonyesha pa kuanzia.