Manne ukutani

Swali lenu la wiki hii lilikuwa: “Ukiwa na magitaa yanayolia vizuri, una sababu gani ya kununua gitaa kavu jingine?” Nilitaka kujibu kwa neno moja, “sina,” niendelee na shughuli zangu. Lakini mmeyachomeka hayo maneno “yanayolia vizuri” katikati ya swali kana kwamba ni jambo lililokwisha thibitishwa, na hapo ndipo mliponigusa. Mimi nilikaa karibu miaka miwili na magitaa manne ukutani ambayo hakuna hata moja lililokuwa likilia vizuri, na sikujua. Kwa hiyo mtaniwia radhi, nitajibu swali ambalo hamkuuliza: huyo anayetaka la tano, haya manne mara ya mwisho ameyasikia lini?

Niyataje kwanza, maana mwenye magitaa hawezi kuzungumza dakika tano bila kuyataja. La kwanza ni galatoni la mjomba. Vijana siku hizi wanasema “akustiki”, lakini kwa wazee wengi gitaa kavu lolote lilikuwa galatoni, jina lililobaki kutoka kwenye magitaa ya Gallotone ya Afrika Kusini. John Lennon, yule wa Beatles, naye alikuwa na moja la hayo, mwaka 1957, na ndani yake palibandikwa karatasi inayodhamini kwamba halitapasuka. Dhamana rahisi sana kuitoa: plaiwudi haipasuki. La mjomba si Gallotone halisi, ni la ukoo huohuo tu, na kweli halijapasuka. La pili ni kubwa lenye mabega mapana, lile umbo lililoanza mwaka 1916 ambalo Martin, kampuni ya magitaa ya Marekani, walilipa jina la manowari ya Waingereza, Dreadnought. Ukilikumbatia ukiwa mfupi kama mimi unaelewa kwa nini. La tatu ni la nyuzi za nailoni. La nne lina nyuzi 12, na juu yake sitasema mengi kwa sasa.

Hilo la tano nililikuta dukani bila kulitafuta (ndivyo tunavyosema wote). Mwili mdogo, uso wa mwerezi, mgongo na mbavu za mahogani. Nikalipakata, nikapiga kodi ya G. Nasema kodi ya gitaa, yaani noti kadhaa kwa mpigo mmoja, ile nyingine ina wenyewe wa kuidai. Kila uzi ulisikika ukiwa na nafasi yake, na ule wa tatu ukabaki hewani wakati wenzake wamekwisha nyamaza. Nikarudi nyumbani, nikashusha lile kubwa, nikapiga kodi ileile. Likatoa sauti ya mtu anayeongea huku amejifunika blanketi.

Siku tatu sikutulia. Ya nne nikaamua kubwa liuzwe, litoe hela za dogo. Nikalibeba kwa fundi alisafishe kidogo, lipate bei.

Fundi wangu ni mzee ambaye hata umlipe hatalisifia gitaa lako. Alilipokea, hakulipiga. Alililaza mezani juu ya kitambaa, akapitisha kidole cha shahada chini ya uzi wa sita, upande ule ambao jicho halifiki, kuanzia kwenye nati, kile kijiti cha mwisho wa shingo nyuzi zinapopita, hadi kwenye tundu la sauti. Akaninyooshea kidole. Kilikuwa cheusi.

“Nyuzi hizi ulifunga lini?”

“Si zamani, fundi.”

Hakunijibu. Alilegeza uzi wa tatu, akaubinua chini ya taa, akaniita nisogee. Upande wa chini, sawasawa na freti (vile vyuma vilivyolazwa shingoni) ya kwanza, ya pili na ya tatu, palikuwa na vidonda: vishimo vidogo vinavyong'aa, ambapo shaba ya uzi ilikuwa imeliwa na chuma cha freti. Kwingine kote shaba ilikuwa na rangi ya sarafu iliyosahauliwa mfukoni, nguo ikafuliwa nayo. Nilikuwa nimezipiga nyuzi hizo karibu kila siku, na sikuwahi kuzitazama kwa chini.

Akanieleza jambo ambalo nilidhani nalijua. Uzi mnene ni waya wa chuma uliozungushiwa waya mwembamba wa shaba. Jasho na ngozi iliyokufa vinaingia katikati ya mizunguko na kuganda humo. Uzi unakuwa mzito, tena kwa kutolingana, mahali pana uchafu zaidi na mahali hapana, ndiyo maana hata tyuna, kile kipimo cha sauti, ikikubali, kodi inakataa. Na zile sauti zake nyembamba za juu, zinazofanya gitaa ling'ae, ndizo zinazokufa kwanza. Zinakufa kidogo kidogo, na sikio linazoea, kama unavyoacha kuisikia saa ya ukutani kwako.

“Dukani umepiga gitaa lenye nyuzi mpya, bwana,” alisema. “Sasa umekuja kuliuza hili kwa kosa la nyuzi.”

Nikabisha. Nikamwambia habari za mwerezi, nikamwambia habari za mahogani, nikamwambia dogo lina kitu. Ndipo akanitolea hadithi yake ya Torres, ambayo anaisimulia kila mara na ambayo kwa muda mrefu nilidhani anaitunga. Kumbe ni kweli. Antonio de Torres, fundi wa Kihispania ambaye umbo la gitaa la nailoni tunalolijua leo limetoka mikononi mwake, mwaka 1862 alitengeneza gitaa lenye uso wa mbao kama kawaida lakini mgongo na mbavu za karatasi iliyogandamizwa, kuonyesha kwamba kazi kubwa ya sauti inafanywa na uso. Gitaa lenyewe limehifadhiwa hadi leo katika jumba la makumbusho huko Barcelona. Kwa hiyo mahogani yako, fundi akasema, iweke pembeni kwanza. Nikamjibu kwamba basi uso ni mwerezi na wangu ni sprusi. Akasema haya, tusibishane, tusikilize.

Hapa mnivumilie, maana mchana ule nimeurudia kichwani mara nyingi kuliko inavyostahili.

Mwenye duka, ambaye magitaa yake yakiharibika huyaleta kwa fundi huyuhuyu, alikubali dogo litoke kwa saa chache, baada ya simu mbili. Binti yangu akafuata na galatoni la mjomba, ambalo fundi alilitaka liwepo kwa sababu ambayo hakuisema. Akafunga seti tatu za nyuzi za aina moja, nambari 12 (nambari ni unene, ikishuka nyuzi ni nyembamba zaidi), kwenye magitaa yote matatu. Hata jipya alilivua zake za dukani, haki iwe haki. Akayatyuni, akayaacha yatulie, akayatyuni tena, akayavuta nyuzi kwa kidole gumba zinyooke, akayatyuni mara ya tatu. Mimi nikakaa kwenye kigoda nimeyapa kisogo.

“Baba, usigeuke,” binti akasema. Kana kwamba ningegeuka. (Ningegeuka.)

“Usiniambie lipi ni lipi,” fundi akasema. “Niambie tu lipi ungelitolea hela.”

Binti akapiga mistari minane ya mpigo uleule, kidole gumba kwenye besi na cha shahada juu, kwenye kila gitaa, raundi tatu, fundi akimbadilishia mpangilio kila raundi. Raundi ya kwanza nikachagua lililopigwa la pili. Raundi ya pili nikachagua la kwanza. Raundi ya tatu nilikuwa nimekwisha jiamini, nikasema la mwisho, tena nikaongeza kwamba huo ndio mwerezi, nausikia kabisa, una ulaini fulani. Nyuma yangu pakawa kimya. Halafu fundi akacheka hadi akakohoa.

Mara mbili za kwanza nilikuwa nimelichagua kubwa langu, lile nililolileta kuuza. Mara ya tatu, ule ulaini fulani ulikuwa plaiwudi ya mjomba.

Najua mtasema hilo nalo ni jaribio. Kufikia raundi ya tatu binti alikuwa amechoka, anapiga taratibu, na galatoni likipigwa taratibu linaficha ubaya wake. Ukilikandamiza ndipo linapopiga kelele kama debe. Karakana yenyewe imejaa mbao na mavumbi. Na uso wa galatoni ni plaiwudi tupu, kwa hiyo hata Torres hanisaidii kulieleza lililotokea. Lakini wenye vipimo makini kuliko sisi walifika karibu na hapohapo: mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lancaster, Uingereza, walichapisha matokeo ya magitaa 6 yaliyotengenezwa kufanana yote isipokuwa mbao za mgongo na mbavu, yakapigwa na wapigaji 52 wasioona wameshika lipi. Mbao za bei mbaya na mbao za kawaida zilipewa alama zilizokaribiana mno.

Kwa hiyo jibu langu lingeishia hapa, nalo lingekuwa kali: hamna sababu. Badilisheni nyuzi, mpelekeeni fundi anayeyajua, mtaona kwamba gitaa mnalolitamani mnalo. Nilikuwa hata nimekwisha andika sentensi hiyo ya mwisho jana usiku. Leo asubuhi nimeisoma nikaona si kweli, au si kweli yote, kwa sababu nimeziruka dakika kumi za mwisho za mchana ule.

Dogo lilipaswa kurudi dukani kabla halijafungwa. Binti alikuwa anatafuta begi lake, nami nikalipakata tu, mikono isikae bure. Nikapiga F, ile ya kulaza kidole cha shahada juu ya nyuzi zote sita. Nikaishikilia. Nikahamia B minor, nikarudi. Ilinichukua muda kugundua kinachokosekana: kidole gumba cha kushoto hakikuuma. Kwenye lile kubwa, F ya tatu au ya nne inaanza kunichoma pale gumba linapoungana na kiganja, na nilikuwa nimekwisha jifunza kuzikwepa nyimbo zenye F bila kujiambia kwamba nazikwepa.

Fundi alitoa rula. Kubwa langu, kutoka kwenye nati hadi uzi unapokalia kule darajani, kipande cha usoni kinachozishika nyuzi, ni milimita 645. Dogo ni 632. Milimita 13 ukizigawa kwenye freti zote ni kitu kidogo kweli, lakini kwa nyuzi zilezile na tyuni ileile, mvuto unapungua takriban asilimia 4. Seti ya nambari 12 inavuta shingo kwa zaidi ya kilo 70, kwa hiyo hapo zimeondoka kama kilo tatu, na freti zimesogeleana. Ongeza kwamba mwili mdogo haukulazimishi kuinua bega la kulia. Sikio langu lilikuwa limedanganyika siku ile dukani, sawa, lakini huenda mkono ulikuwa umesikia kitu ambacho sikio halikukielewa, likakitafsiri kuwa ni utamu wa mwerezi.

Fundi, kwa haki, hakunishawishi kununua. Aliniambia nifunge nambari 11. Aliniambia nilishushe kubwa nusu hatua na kubana kapo, kile kibanio cha nyuzi zote, kwenye freti ya kwanza, mvuto upungue na umbali ufupike bila kutoa hata senti. Nimejaribu vyote viwili, vinasaidia. Bega tu ndilo lililobaki juu, na mwili wa gitaa hakuna kapo ya kuupunguza. Na yupo Willie Nelson, mwimbaji wa Marekani, ambaye tangu mwaka 1969 anapiga Martin lilelile la nailoni hadi piki, kile kipande cha kupigia nyuzi, imetoboa tundu la pili usoni. Humsikii akilalamikia bega. Lakini Nelson ni Nelson.

Basi nimelinunua, wiki tatu sasa. Msinihesabie la tano, kwa sababu lile kubwa binti amelichukua siku ileile, alilibeba kwenye begi la dogo bila kuniuliza, na ukutani bado ni manne. Jibu langu kwa swali lenu ni kwamba hakuna sababu ya sikio, au ipo lakini hutaijua mpaka nyuzi zako ziwe mpya kama za dukani. Sababu ya mkono ipo, kwa mwenye mkono kama wangu, na ikiwa amekwisha jaribu kapo. Kwa mwenye umri wa miaka ishirini na vidole vizima, sijui nimwambie nini. Mimi katika umri huo nilikuwa na galatoni moja na wala sikuomba jingine.

La nailoni nimelibadilishia nyuzi Jumapili, nalo limeamka. La nyuzi 12 nilianza jana. Nimetoa nne, ya tano pini yake imegoma kutoka darajani, nikaliacha hivyohivyo mezani. Kwa hiyo hilo, kusema kweli, bado sijalisikia.