Eti betri ya plastiki na maji, inawezekana?

SWALI: Habari za kazi wahariri. Mimi mvuvi wa dagaa hapa Igombe, taa zetu za usiku tunawashia betri za asidi, mchana tunazichaji kwa sola. Mpwa wangu anasoma kemia, anasema siku hizi kuna betri za maji ambazo elektrodi zake, yaani zile sahani za ndani zinazotunza umeme, ni plastiki. Plastiki si ndo inafunika nyaya umeme usitupige? Na haiyeyuki humo majini? Kama ni kweli basi si tutachota tu maji ya ziwa?
Msomaji, Igombe, Mwanza

JIBU: Kaka, mpwa wako hajakudanganya. Plastiki ya kwenye waya haipitishi umeme kweli, ila zipo zinazopitisha, na Heeger, MacDiarmid na Shirakawa walipewa Nobeli ya kemia mwaka 2000 kwa kazi hiyo.

Kwenye betri za maji wengi wanapenda polima (molekuli ndefu kama mnyororo, ndo plastiki yenyewe) zenye kwinoni, humo kuna kaboni imeshikana na oksijeni, ikipokea elektroni, yaani chembe za umeme, inavuta na ayoni, chembe yenye chaji, kutoka kwenye maji, iwe protoni, sodiamu au zinki, elektroni zikiondoka ayoni nayo inarudi majini. Kwinoni moja moja zinaweza kuyeyuka kweli, unaona maji yanabadilika rangi na betri inaisha nguvu, ndo maana wanaziunga ziwe mnyororo mrefu. Hapo sasa ndo kazi ilipo na mimi ndo napapenda zaidi: mnyororo ukiyakataa maji, ayoni haziingii ndani, inafanya kazi ngozi ya juu tu, ukiupachika vipande vingi vinavyopenda maji unavimba na kubanduka. Inabidi uwe kama wavu wako, maji yapite lakini uzi usilegee, kwahiyo minyororo inafungwa yenyewe kwa yenyewe. Halafu kwinoni nyingi hazipitishi umeme vizuri, lazima uchanganye na unga wa kaboni, ambao unaongeza uzito bila kutunza chaji ya maana.

Maji nayo yana mpaka wake, kwa hesabu ya kemia yanaanza kupasuka kuwa haidrojeni na oksijeni kwenye volti 1.23. Yale mapovu unayoyaona ukizidisha chaji kwenye betri yako ndo hayo hayo, maana asidi yake nayo imo kwenye maji, ila inafika volti 2 kila chumba kwa vile haidrojeni inatoka polepole sana juu ya risasi, ile metali ya sahani zake.

Maji ya ziwa hapana kaka. Victoria ni maji baridi, yaani si ya chumvi, ayoni chache mno, betri hizi zinataka maji safi yaliyokolezwa chumvi maalum, mfano sulfeti ya zinki. Na kwa uzito uleule zinabeba umeme mdogo kuliko betri za lithiamu, mimi naziona zaidi pale mwaloni kutunza umeme wa sola kuliko ndani ya mtumbwi, uzuri maji yake hayashiki moto kama kimiminika cha lithiamu. Kwa sasa endelea na hiyo ya asidi, ikipungua iongeze maji ya betri ya dukani (yale yaliyosafishwa, si asidi), usichote ziwani.